Je, Iquicha ilikuwa dola? Wakulima wa Andes waliomng'ang'ania mfalme baada ya uhuru

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mtandaoni nimekuta ramani ya Peru ya miaka ya 1820, na katikati ya milima imechorwa nchi ndogo iitwayo Jamhuri ya Iquicha, ina bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari. Maelezo yanasema ni dola ya wenyeji wa asili waliomtii mfalme wa Hispania hata baada ya Peru kupata uhuru. Je, nchi hiyo ilikuwepo kweli? Na inakuwaje watu waliotawaliwa karibu miaka mia tatu wapigane ili mtawala wao arudi? Walidanganywa? Na watu hao bado wapo?"

Marahaba. Umeniuliza mambo manne, na yote nitayajibu, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu swali la kwanza halijibiki vizuri mpaka tupande mlimani tuone watu wenyewe walikuwa wakiishi vipi.

Nikupe kwanza ya kushikia. Vita ilikuwepo, kati ya mwaka 1825 na 1828, katika nyanda za juu za Huanta, Ayacucho. Kiongozi alikuwepo, akiitwa Antonio Huachaca. Na huko juu palikuwa na utawala uliokusanya zaka, ukateua wakuu wa vijiji, ukaamua kesi na kuwatoa watu kwenda kutengeneza njia. Kisichokuwepo ni hiyo nchi ya kwenye ramani. Huachaca hakutangaza dola mpya, wala asingekuwa na sababu ya kuitangaza, maana yeye alijiona anailinda dola ya zamani dhidi ya watu walioipora. Bendera uliyoiona ni msalaba wa Burgundy, bendera ya majeshi ya mfalme wa Hispania kote Amerika; ukiiona ngome yoyote ya Wahispania ya wakati huo, utaikuta.

Neno "jamhuri" nalo lina historia yake. Katika Kihispania cha enzi ya ukoloni, república haikuwa lazima nchi isiyo na mfalme. Ilikuwa pia jumuiya ya watu wenye viongozi na taratibu zao. Sheria za kifalme ziliwagawa wakazi wa Amerika katika "jamhuri" mbili, ya Wahispania na ya Waindio, kila moja na mabaraza yake, zote chini ya mfalme mmoja. (Nitasema "Waindio" pale tu ninapotaja sheria hizo, maana ndivyo zilivyoandika, wenyewe walikuwa wakulima na wafugaji wasemao Kikechua.) Baadaye wanahistoria wakapata neno jingine, republiqueta, yaani kijamhuri, kwa ajili ya maeneo ya wapiganaji wa msituni huko Peru ya Juu, Bolivia ya leo. Hao walikuwa wazalendo, maadui wa mfalme. Aliyeandika "Jamhuri ya Iquicha" kwenye ramani yako ameazima jina la upande mmoja akalipachika upande mwingine. Ndiyo maana linakanganya.

Sasa twende Huanta.

Mji wa Huanta umekaa kwenye bonde la joto, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa mji wa Ayacucho ambao wakati huo uliitwa Huamanga. Ukitoka mjini kuelekea mashariki unaanza kupanda, na unapanda kweli, mpaka unafika kwenye uwanda wa juu unaoitwa puna, karibu mita 4,000. Huko mti huuoni. Kuna majani makavu ya ichu, viazi vya aina nyingi, kondoo, llama, upepo na baridi ya usiku inayogandisha maji. Vijiji na mashamba ya puna hiyo, Iquicha na Uchuraccay miongoni mwao, ndivyo vilivyokuwa nyumbani kwa waasi. Lakini usiishie hapo. Ukiendelea mashariki, ardhi inaporomoka ghafla, ukungu unapanda kutoka chini, na saa chache baadaye umo kwenye misitu ya joto na mvua. Huko kulikuwa na mashamba ya koka.

Koka ndiyo inayofungua kisa chote. Jani linachumwa kwa mkono, linaanikwa upesi likiwa bado na rangi yake ya kijani, kwa sababu likinyeshewa linabadilika kuwa jeusi na bei inaanguka. Linafungwa kwenye mafurushi, linapandishwa puna, linateremshwa Huanta, kisha linapelekwa kwenye migodi: Huancavelica kwenye zebaki, Cerro de Pasco kwenye fedha. Mchimba madini alilitafuna pamoja na majivu au chokaa ili azuie njaa na uchovu, na bila jani hilo hukumpata wa kushuka shimoni. Kwa hiyo mtu wa puna, anayeonyeshwa katika vitabu vingi kama mtu wa pangoni asiyejua dunia, alikuwa ameketi katikati ya biashara kubwa. Mizigo ilipita mlangoni kwake.

Na Huachaca ndiye aliyeibeba. Kazi yake ilikuwa kuongoza msafara wa nyumbu wa mizigo, wale watoto wa punda na farasi. Hebu mfikirie mtu wa namna hiyo. Anajua kila njia, kila kivuko, na wapi nyumbu hutereza mvua zikianza. Anajua bei ya koka shambani na bei yake mjini. Anazungumza na mwenye shamba, na padre, na mkusanya zaka, na askari wa kizuizini, na mama anayempikia njiani. Habari anazibeba pamoja na mizigo. Vita ilipokuja, mtu huyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kuwaunganisha watu wa vijiji vilivyotawanyika. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote kwa riziki yake.

Uaminifu wa Huanta kwa mfalme haukuanza na Huachaca. Mwaka 1814, Cusco ilipoasi na majeshi yake kufika Huamanga, watu wa Huanta walisimama upande wa mfalme, na waasi wa Cusco wakashindwa hapo hapo Huanta. Huachaca alipata kutambuliwa na maofisa wa mfalme kutokana na utumishi wake wa miaka hiyo. Mwaka 1821 makamu wa mfalme, José de la Serna, akaupa mji huo cheo cha heshima kwa uaminifu wake. Heshima ya aina hiyo ilikuwa na uzito: mji ulipanda daraja, na watu wake walikuwa na haki ya kusema "sisi mfalme anatujua".

Ila nisikudanganye kwamba wenyeji wote wa eneo hilo walimpenda mfalme. Upande wa pili wa Huamanga, kwenye uwanda wa Cangallo, walikuwepo Wamorochuco, wafugaji hodari wa farasi, nao walikuwa wazalendo wa kufa na kupona. Jeshi la mfalme chini ya José Carratalá liliuteketeza mji wa Cangallo kwa moto mwaka 1821 ukiishia na 1822 ukianza. Jirani mmoja alipata cheo, mwingine akachomewa nyumba. Wote walisema Kikechua, wote walikula viazi na kutafuna koka. Kila ninaposoma mtu akiandika kwamba "Waindio walitaka hivi" au "Waindio walitaka vile", nakumbuka Huanta na Cangallo, nafunga ukurasa.

Tarehe 9 Desemba 1824, kwenye uwanja wa Quinua, kati ya Huanta na Huamanga, Antonio José de Sucre, jenerali wa wazalendo, alilishinda jeshi la La Serna. Sucre mwenyewe aliripoti kwamba alikuwa na askari 5,780 dhidi ya 9,310. La kukumbuka ni kwamba katika hao elfu tisa, Wahispania wa kutoka Ulaya walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa watu wa Andes. Vitani pale, mwenyeji alimpiga mwenyeji.

Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi maofisa walioshindwa usafiri wa kurudi Hispania kwa atakaye. Wapo ambao hawakutaka. Baadhi yao walitulia Huanta wakafanya biashara, hasa ya koka. Majina yao yatatokea tena vitani, Nicolás Soregui na Francisco Garay wakiwa mbele. Na mfalme Ferdinand VII mwenyewe hakuukubali uhuru huo. Ngome ya Callao, bandari ya Lima, iliendelea kushikiliwa na José Ramón Rodil mpaka Januari 1826, watu wakifa ndani kwa njaa na kiseyeye. Kwa hiyo mtu wa puna aliyesikia mwaka 1825 kwamba mfalme bado ana bendera Peru, alisikia kweli. Na aliyemwambia kuwa meli za Hispania zitarudi, hakuwa anasema jambo ambalo lilionekana kichekesho wakati ule. Baada ya Callao kuanguka, uvumi huo uliendelea kutumika kuwatia watu moyo, na hapo ndipo ulipokuwa uongo. Umeniuliza kama walidanganywa; kwa hilo la meli, ndiyo.

Lakini uvumi wa meli haumfanyi mtu aache kondoo wake akafie bondeni. Lazima awe na lake.

Angalia jamhuri ilifika Huanta ikiwa na sura gani. Ilifika na faini na michango ya kuwaadhibu kwa uaminifu wao wa jana. Ilifika na askari waliohitaji kula, na askari wa wakati ule alikula alichokikuta. Katika malalamiko ambayo waasi waliyaandika, wanataka jeshi liondoke, kwa sababu askari wanaiba, wanawabaka wake za watu na mabinti, wanaingia mpaka makanisani, na wakubwa wanataka kuwamaliza kwa michango na kodi. Hayo yameandikwa na watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake, na mimi nayachukua kama yalivyo.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Kodi hii iliyotozwa Waindio peke yao ilifutwa na bunge la Hispania lililokaa Cádiz mwaka 1811, ikarudishwa Ferdinand aliporejea kwenye kiti, ikafutwa tena na San Martín, jenerali aliyetangaza uhuru wa Peru, mwaka 1821 kwa tangazo lenye maneno mazuri kwamba sasa wote ni Waperu. Mwaka 1826 jamhuri ikairudisha. Ilibadilishwa jina tu. Ikaitwa "mchango wa wenyeji". Chini ya mfalme, mtu aliyelipa kodi hiyo alikuwa na kitu cha kudai: ardhi ya jumuiya, viongozi wake, mahakama ya kupeleka shauri lake. Ilikuwa bei ya makubaliano, ya dhuluma ndiyo, lakini yenye pande mbili. Wakati huohuo amri za Bolívar, kiongozi mkuu wa vita vya uhuru, zilikuwa zimetaka ardhi za jumuiya zigawanywe kwa mtu mmoja mmoja, mwaka 1824, na vyeo vya machifu vifutwe, mwaka 1825. Mkulima akaambiwa: haki za zamani zimekwisha kwa sababu sasa uko huru, ila kodi ya zamani utalipa.

Ningekuwa mimi, ningeuliza huo uhuru umeniletea nini. Huachaca aliuliza. Katika barua yake kwa mkuu wa mkoa anawaambia viongozi wa jamhuri kwamba wao ndio wanyang'anyi, wa dini, wa taji na wa ardhi ya kuzaliwa, na anawauliza: katika miaka mitatu ya mamlaka yenu tumepata nini zaidi ya udhalimu, huzuni na uharibifu? Isome barua hiyo taratibu. Mtu huyu hasemi "nirudishieni minyororo yangu". Anawaita wao wavunja sheria. Jeshi lake alilipa jina la Warejesha Sheria. Kwake "mfalme" lilikuwa neno la kutajia haki, mikataba na desturi ambazo mtu aliweza kuzidai mbele ya hakimu. Na "jamhuri" lilikuwa neno la kutajia askari mlangoni.

Nilikuwa najiuliza kama maneno hayo ni ya Huachaca au ya makarani wake. Alikuwa mtu wa Kikechua. Barua zilitoka kwa Kihispania, kwa mikono ya waliojua kuandika, na makasisi na maofisa wa zamani walikuwa pembeni yake. Wapo waliosema kwa sababu hiyo kwamba alikuwa kinyago cha Wahispania. Ila matendo yanakataa. Hao maofisa ndio waliompelekea yeye barua za kuomba na kueleza, wakimwita kwa vyeo vikubwa vya jenerali. Nguvu ya watu ilikuwa kwake. Ofisa wa zamani angeweza kuandika tangazo zuri mpaka wino ukauke, lakini bila Huachaca hakuna kijiji ambacho kingetoa hata watu kumi.

Vita yenyewe nitaipita haraka. Mapigano madogo yalianza 1825. Juni 1826 Huanta ikashambuliwa. Julai mwaka huohuo vikosi viwili vya wapanda farasi wa Junín, watu waliosifiwa kwa ushindi wa mwaka 1824, wakaasi Huancayo na kwenda kujiunga na wakulima, jambo linaloonyesha jinsi manung'uniko yalivyokuwa yamevuka mipaka ya Huanta. Andrés de Santa Cruz, aliyekuwa anaongoza serikali, akaja mwenyewe Ayacucho. Misamaha ikatangazwa, ikapuuzwa. Tarehe 12 Novemba 1827 waasi wakauteka mji wa Huanta kutoka kwa kikosi cha serikali kiitwacho Pichincha. Tarehe 29 wakaushambulia mji wa Ayacucho, na hapo wakavunjika. Waliowavunja si wanajeshi tu. Wakazi wa mji na Wamorochuco wa Cangallo walikuwa na kisasi chao. Mwaka 1828 vikosi vya serikali vikapanda puna, vikachoma nyumba, vikaswaga mifugo, na Machi wakapigana Uchuraccay kwenyewe. Viongozi wengi wakakamatwa kufikia katikati ya mwaka. Huachaca hawakumpata.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, maana hapa ndipo penye utamu. Waliokamatwa walifunguliwa kesi, na makaratasi ya kesi hiyo yamehifadhi barua na amri za waasi wenyewe. Mwanahistoria wa Peru, Cecilia Méndez, aliyasoma kwa uvumilivu mkubwa, na mengi tunayoyajua leo kuhusu utawala wa Uchuraccay yametokana na kazi yake. Uchuraccay lilikuwa shamba kubwa la mwenyewe kabla ya vita. Waasi wakalifanya makao makuu. Liko juu, linaona mbali, na liko kwenye njia ya kutoka kwenye koka kwenda mjini.

Kutoka hapo walitawala. Zaka ya koka ndiyo iliyokuwa roho ya utawala huo. Kwa utaratibu wa zamani, sehemu ya kumi ya mavuno ilikwenda kwa Kanisa na serikali, na haki ya kuikusanya iliuzwa kwa mnada: anayetoa dau kubwa ndiye anayekwenda mashambani kukusanya. Waasi walichofanya ni kuiteka haki hiyo. Waliweka wakusanyaji wao, wenye mashamba wakatakiwa kulipa kwao, na mapato yakalisha jeshi. Jamhuri nayo ilikuwa na wakusanyaji wake kwa zaka hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye shamba la koka alijikuta na wadai wawili, na aliyekuwa karibu na mwenye nguvu alikuwa Huachaca.

Juu ya zaka wakajenga mengine. Wakateua wakuu wa vijiji na kuwaondoa wasiofaa. Wakatoa amri za watu kufanya kazi za pamoja kwenye njia na madaraja, kazi ambazo kila kijiji cha Andes kilizijua tangu zamani. Mtu mwenye shauri alilipeleka Uchuraccay. Na katika hayo kulikuwa na jambo ambalo halikuwahi kuonekana chini ya mfalme halisi: mwongoza nyumbu, mtu wa Kikechua, anakaa kitini na kuwapa amri wenye mashamba, wafanyabiashara wa Kihispania na mapadre. Kwa jina la mfalme waliupindua utaratibu wa mfalme. Ferdinand VII angeiona hiyo serikali yake ya Uchuraccay, sidhani kama angeitambua kuwa yake.

Je, hiyo ni dola? Walikuwa na ardhi waliyoishika, kodi, hakimu, jeshi na makao makuu. Hawakuwa na tangazo, katiba, mjumbe nchi za nje wala jina. Hispania haikuwatumia hata barua ninayoijua mimi. Ukinilazimisha kuchagua neno, nitasema ilikuwa serikali ya waasi ndani ya ufalme ambao tayari ulikuwa umeondoka, na ilifanya kazi ya serikali kuliko ile iliyokuwa Ayacucho mjini. Kuichorea mipaka na rangi kwenye ramani ni kuipa kitu ambacho wenyewe hawakukitafuta.

Na kuhusu lile neno "wasaliti", ambalo hukuliandika lakini limo ndani ya swali lako: mwaka 1827 rais wa Peru alikuwa José de La Mar. Mpaka 1821 La Mar alikuwa ofisa wa mfalme, tena ndiye aliyeishika ngome ya Callao. Santa Cruz alilitumikia jeshi la mfalme mpaka alipotekwa Desemba 1820. Agustín Gamarra, rais aliyefuata baada ya La Mar, alihama mwanzoni mwa 1821. Ramón Castilla, aliyekuja kuwa rais mkubwa kuliko wote wa karne hiyo, aliwahi kupigana upande wa mfalme huko Chile. Hawa wote wamepewa sanamu na barabara. Tofauti yao na Huachaca ni miaka michache, na kwamba walipohama walikuwa na cheo cha kuhamia.

Baada ya 1828 kisa kinapinda kwa namna ambayo ramani yako haiwezi kuionyesha. Mfalme alitoweka midomoni mwa watu, na wakulima wa Huanta wakaingia kwenye siasa za jamhuri kwa miguu yote miwili. Mwaka 1834, marais walipogombania kiti, walimpigania Luis José de Orbegoso, mliberali, dhidi ya watu wa Gamarra. Kisha wakasimama na Santa Cruz, yuleyule aliyekuja kuwazima mwaka 1826, alipounda Shirikisho la Peru na Bolivia. Na Huachaca, mwasi aliyewindwa milima yote, akawa hakimu wa amani na gavana wa wilaya ya Carhuaucran, chini ya serikali ya shirikisho. Wanaosema alipigania mfalme kwa ujinga wanieleze hapo. Mtu huyu alitaka serikali inayozungumza naye, na alipoipata ndani ya jamhuri, aliipokea.

Haikudumu. Shirikisho lilivunjwa kwenye vita vya Yungay, Januari 1839, Gamarra akarudi madarakani, na jeshi likapanda puna tena. Tarehe 15 Novemba 1839, mahali paitwapo Yanallay, Tadeo Choque, mmoja wa viongozi wa Huanta, aliweka mkataba wa amani na mkuu wa mkoa, kanali Manuel Lopera. Watu wa puna walikubali kuitii katiba ya Peru. Soma tena hilo: serikali ya nchi iliketi na wakulima ikawekeana nao mkataba, kama unavyowekeana na mtu ambaye umeshindwa kumfuta. Huachaca hakutia mkono. Akashuka upande wa pili, kwenye misitu ya mto Apurímac, njia aliyoijua tangu enzi za nyumbu wake. Kodi ya kichwa ilikaa miaka mingine 15, mpaka Castilla alipoifuta tarehe 5 Julai 1854, akiwa Ayacucho.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie jibu refu hivi. Umeuliza kama watu hao bado wapo. Inategemea unauliza nani. Katika nyaraka za kabla ya vita, "Waiquicha" kama kabila hawaonekani. Jina hilo lilikua wakati wa uasi. Kijiji kimoja kikawapa jina watu wa puna nzima, kwanza kama jina la vita, kisha kama jina wanalojivunia, na kwa watu wa mjini likawa jina la watu wakali wa milimani. Baada ya karne moja vitabu vilikwisha sahau kwamba lina tarehe ya kuzaliwa. Viliandika juu ya "kabila la Iquicha", la kale, lililojitenga, linalochukia wageni tangu zama za Inka.

Tarehe 26 Januari 1983, wakati wa vita kati ya serikali ya Peru na waasi wa kikomunisti wa Sendero Luminoso, waandishi wa habari wanane waliuawa Uchuraccay, pamoja na mtu aliyewaongoza njia. Uchuraccay ileile. Wanakijiji walikuwa wametiwa hofu na Sendero, na wanajeshi walikuwa wamewahimiza wawaue wageni wanaokuja kwa miguu. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na mwandishi wa riwaya Mario Vargas Llosa, na katika kueleza kilichotokea, ripoti yake iliegemea kwa sehemu picha ya Waiquicha kama watu wa kale waliobaki nje ya Peru. Watu ambao babu zao waliuza koka mpaka migodini, walioandika barua kwa wakuu wa mikoa, waliopigana kwenye ugomvi wa marais na kusaini mkataba na serikali, sasa wakaelezwa nchi nzima kwamba hawakuwahi kuijua dunia. Miezi iliyofuata, Sendero, wanajeshi na vikundi vya vijiji jirani waliua watu 135 wa Uchuraccay, kwa hesabu ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Kijiji kizima hakikuwa na watu 500. Kufikia 1984 waliobaki walikuwa wamekimbia, wengine Huanta, wengine Lima, wengine kwenye misitu ya upande wa Apurímac, wakificha walikotoka kwa sababu jina la Uchuraccay lilikuwa hatari kulitamka.

Oktoba 1993 familia chache zilirudi zikajenga upya, kando kidogo ya magofu ya kijiji cha zamani. Mwaka 2014 sheria ya Peru iliifanya Uchuraccay kuwa wilaya, yenye mkuu wake na baraza lake. Viazi vinalimwa, kondoo wanachungwa, na watu wanasema Kikechua.